Mzazi wako asikae kitini kutwa: Jinsi mzee anavyoweza kujiwekea lengo la kutembea

UZEE si ugonjwa. Hata hivyo, wengi wetu tunaoishi mijini huwachukulia wazazi wetu waliozeeka kana kwamba ni wagonjwa. Tukienda nyumbani mwezi wa Desemba, jambo la kwanza ni kumnyang'anya mama jembe na kumwekea kiti barazani. "Umefanya kazi ya kutosha, mama, sasa pumzika," humwambia. Kisha huajiriwa kijana wa kukama ng'ombe na msichana wa kuteka maji. Tukirudi Nairobi au Nakuru, huwa tumeridhika kwamba tumetimiza wajibu wetu.

Nia huwa njema. Lakini baada ya mwaka mmoja au miwili, sisi madaktari huona matokeo yake. Mama aliyekuwa akipanda mlima hadi kanisani kila Jumapili sasa hawezi kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Usiku hushindwa kufika chooni kwa wakati na huona haya kusema. Watu wa nyumbani husema, "Ni uzee tu." Mara nyingi si uzee tu. Ni miguu iliyonyimwa kazi.

Makala haya yanaeleza jinsi mzee anavyoweza kujipangia lengo lake mwenyewe la kutembea na kufanya kazi ndogo ndogo, na jinsi ya kulifikia bila kujiumiza. Mifano mingi imetoka Ndanai, eneo la Sotik katika Kaunti ya Bomet, ambako mashamba ya majani chai yako kwenye miteremko na mzee asiye na miguu hubaki mfungwa wa boma lake. Lakini mashauri yenyewe yanamfaa pia mzee anayeishi Umoja, Nairobi au Kisauni, Mombasa.

Misuli huenda wapi?

Misuli ya mwanadamu huanza kupungua polepole akiwa bado mtu mzima mwenye nguvu, na akishapita miaka 60 kasi hiyo huongezeka. Hilo ni jambo la kawaida. Lisilo la kawaida ni jinsi kupumzika kunavyozidisha hasara hiyo.

Mwaka wa 2007, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi mdogo kuhusu wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani kwa siku 10 mfululizo. Katika siku hizo chache tu, kila mmoja alipoteza kwa wastani karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamelala tu. Sasa fikiria mzee aliyelazwa kwa nimonia majuma mawili, kisha akarudi nyumbani akaambiwa asifanye lolote.

Habari njema ni kwamba misuli inaweza kurudishwa, hata kwa mzee sana. Mwaka wa 1990, madaktari wa Boston waliwafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu watu 10 dhaifu waliokuwa na umri wa miaka 90 hivi, wakiishi katika makao ya wazee. Baada ya majuma manane, nguvu za miguu ya wale waliomaliza zilikuwa zimezidi maradufu.

Uchunguzi mkubwa zaidi ulitangazwa mwaka wa 2014. Ulihusu Wamarekani 1,635 wenye umri wa miaka 70 hadi 89 ambao miguu yao ilikuwa imeanza kudhoofika, lakini bado waliweza kutembea mita 400. Nusu yao walipangiwa kutembea na mazoezi ya nguvu. Nusu nyingine walipewa mafunzo ya afya kwa maneno tu. Baada ya muda wa karibu miaka miwili na nusu, kati ya kila 100 waliofanya mazoezi, 30 walikuwa wameshindwa na zile mita 400. Kwa wale wengine walikuwa zaidi ya 35. Si muujiza. Lakini kwa yule mzee ambaye bado anafika kanisani kwa miguu yake, tofauti hiyo ni maisha yake yote.

Lengo liwe la mzee mwenyewe

Daktari akimwambia mzee, "Fanya mazoezi," mzee huitikia kwa adabu, kisha akienda nyumbani hafanyi. Neno "mazoezi" kwake ni jambo la vijana wanaokimbia barabarani alfajiri. Hana haja nalo.

Nilimhudumia mama mmoja wa Ndanai mwenye umri wa miaka 74. Alikuwa na shinikizo la damu na magoti yalimuuma. Watoto wake walikuwa wamemkataza kutoka nje ya boma. Nilimuuliza swali moja: "Ni mahali gani ulipokuwa ukienda ambapo sasa unapakosa zaidi?" Hakufikiri sana. Alisema ni kituo cha kununulia majani chai. Majani yake sasa yalipelekwa na kijana, naye alitaka kusimama mbele ya mizani na kuona kwa macho yake kilo zake zikiandikwa.

Hilo ndilo lengo. Halikutoka kwa daktari wala kwa mwanawe aliye Nairobi. Lilikuwa na mahali panapojulikana, njia inayojulikana, na sababu ambayo ilimtoa kitini siku ambazo magoti yalikuwa yakilalamika.

Tulianza na pale alipokuwa. Siku ya kwanza aliweza kufika langoni na kurudi, akapumzika mara moja. Kwa majuma mawili lengo lilikuwa lango tu, mara mbili kwa siku. Kisha likawa mti ulio kwa jirani, halafu njia panda. Kituo kiko bondeni, kwa hivyo kwenda kulikuwa rahisi na kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Basi alifundishwa kuhesabu nguvu za kurudi kabla ya kwenda. Mwezi wa tatu aliugua kifua, akalala juma zima. Alipopona alirudi kuanzia langoni bila kuona aibu. Ilimchukua karibu miezi mitano kufika mizani. Magoti bado humuuma na bado hutumia fimbo. Lakini anafika.

Watu wa Kericho na Bomet wanajua vizuri kazi ya kujiwekea kipimo. Huko Kericho ndiko alikotoka marehemu Wilson Kiprugut, Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, aliponyakua shaba katika mbio za mita 800 mjini Tokyo mwaka wa 1964, kisha fedha mjini Mexico mwaka wa 1968. Mwanariadha hasemi, "Nitakimbia vizuri." Husema atakimbia umbali fulani kwa muda fulani. Mzee naye aseme hivyo hivyo, kwa kipimo chake.

Jipime kabla ya kuanza

Huwezi kupanga safari bila kujua unakoanzia. Vipimo viwili vinatosha, na havihitaji mashine.

Kwanza ni kipimo cha kiti. Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Mzee akae, akunje mikono kifuani, kisha ainuke na kuketi mara tano haraka awezavyo bila kujiumiza. Mtu mwingine asimame karibu naye huku akitazama saa. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, mzee asiyeweza kumaliza kwa sekunde 14 anahitaji kuchunguzwa zaidi, kwani uwezo wake wa kutembea umeanza kupungua. Asiyeweza kuinuka hata mara moja bila mikono asilazimishwe. Huyo tayari umejua pa kuanzia.

Pili ni kipimo cha njia. Atembee kwa mwendo wake wa kawaida, uhesabu ni wapi anaposimama kupumzika kwa mara ya kwanza. Andika mahali hapo: langoni, zizini, kwa jirani. Mjini andika ngazi ngapi au nguzo ngapi za stima.

Hatua za kupanga lengo

1. Chagua jambo moja unalolitaka kwa moyo. Huenda ikawa kufika kanisani, kwenda sokoni, kuhudhuria mkutano wa chama, kuinuka chooni bila msaada, au kumbeba mjukuu. Usichague matatu kwa pamoja.

2. Liseme kwa namna inayohesabika. "Nitatembea zaidi" si lengo. "Kufikia mwisho wa Juni nitaenda kanisani na kurudi kwa miguu, nikipumzika mara mbili" ni lengo.

3. Ligawe. Kama kanisa liko mbali mara nne kuliko uwezo wako wa leo, usijaribu kanisa. Anza na robo yake. Haba na haba hujaza kibaba.

4. Weka alama. Karibu kila nyumba ina kalenda ukutani. Siku uliyotembea, tia alama ya kalamu. Mjukuu anayesoma anaweza kupewa kazi hiyo, naye hatakubali siku ipite bure.

5. Ongeza polepole. Ukimudu umbali mmoja kwa juma moja au mawili bila taabu, ongeza kidogo. Kipimo cha kasi ni mdomo: ukitembea unapaswa kuweza kuzungumza, ingawa huwezi kuimba. Ukishindwa kuzungumza, punguza mwendo.

6. Panga mapema utafanya nini mambo yakiharibika. Ukiugua, ukifiwa au mvua ikikuzuia, lengo halijafa. Rudi nyuma hatua moja au mbili uanze tena.

Kutembea peke yake hakutoshi

Mwaka wa 2020 WHO ilitoa mashauri yake mapya. Watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi wanapaswa kupata dakika 150 hadi 300 kwa juma za shughuli za kadiri, kama vile kutembea kwa haraka kidogo. Aidha, wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa juma, na mazoezi ya kusimama imara na ya nguvu angalau siku tatu, ili kuzuia kuanguka. Asiyeweza kufikia kiwango hicho afanye kile anachokiweza, maana kidogo ni bora kuliko kutofanya lolote.

Mazoezi haya yanaweza kufanywa kando ya meko au barazani:

Kuinuka kitini. Inuka na kuketi mara tano, pumzika, rudia. Anayehitaji mikono mwanzoni aitumie. Kadiri nguvu zinavyorudi, atumie mkono mmoja, kisha asitumie wowote. Zoezi hili ndilo linalomwezesha mtu kuinuka chooni.

Kuinua visigino. Shika nguzo ya baraza au meza nzito, simama kwa vidole vya miguu, hesabu tatu, shuka polepole. Fanya mara kumi.

Kusimama kwa mguu mmoja. Shika nguzo kwa mikono miwili, inua mguu mmoja kidogo, hesabu hadi kumi, badilisha. Baadaye shika kwa mkono mmoja, halafu kwa kidole. Usifanye zoezi hili ukiwa peke yako kama umewahi kuanguka.

Kubeba. Pakiti ya unga ya kilo mbili katika kila mkono, kutoka mlangoni hadi jikoni na kurudi, ni zoezi zuri kwa mzee ambaye mgongo wake haumsumbui.

Misuli hujengwa na chakula pia. Wazee wengi hushindia chai na ugali kidogo. Mursik, mayai, maharagwe, ndengu, omena na nyama kidogo vinahitajika kila siku kwa zamu. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari wake kwanza.

Je, kazi ya shamba haitoshi?

Swali hili huulizwa sana Ndanai, na ni swali la haki. Kazi ya shamba huhesabiwa. Mzee anayepalilia, anayechuma majani chai au kuswaga ng'ombe hadi mtoni huwa tayari amepata dakika zake nyingi. Hana haja ya kuongeza matembezi ya bure.

Lakini kuchuma majani chai ni kusimama kwa muda mrefu huku mikono ikifanya kazi na kapu likizidi kuwa zito mgongoni. Kazi hiyo haimfundishi mtu kuinuka kutoka chini wala kujizuia asianguke anapoteleza. Ndiyo maana mchumaji hodari naye anahitaji yale mazoezi ya kiti na nguzo. Akishapita miaka 70, ni afadhali apunguze uzito wa kapu na kupeleka mara nyingi, kuliko kuacha shamba kabisa.

Maumivu, fimbo na viatu

Watu wengi wenye magoti mabovu huamini kwamba kutembea humaliza "mafuta" ya goti. Sivyo. Kwa magoti yaliyochakaa kutokana na umri, mazoezi ya kadiri ni sehemu ya tiba, kwani misuli ya paja ikiwa imara hulipunguzia goti mzigo. Kanuni ni hii: maumivu kidogo yanayotulia kufikia kesho yake si hatari. Maumivu yanayozidi siku hadi siku, au goti lililovimba na kuwa na joto, yanataka upunguze na umwone daktari.

Kwa wazee wa Kipsigis fimbo ni heshima, si dalili ya udhaifu, kwa hivyo itumike ipasavyo. Simama wima ukiwa umevaa viatu, mikono ikining'inia. Kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ishikwe kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, wala si upande wa mguu unaouma. Chini iwekwe mpira ili isiteleze.

Mvua za Machi hadi Mei hufanya njia za Sotik kuwa utelezi mtupu. Gambuti zilizolegea na sapatu huangusha watu. Viatu viwe vyenye soli yenye meno na vinavyoshika kisigino. Siku ya matope mengi, tembea barazani au ndani ya nyumba kwa idadi ileile ya dakika.

Kuanguka si jambo dogo. WHO ilikadiria mwaka wa 2021 kwamba watu 684,000 hufa duniani kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 60. Mzee akivunjika nyonga, safari ya kurudi kwenye miguu yake huwa ndefu, na wengine hawairudii. Kwa hivyo kabla ya kununua kiti cha starehe, mnunulie mzazi wako taa ya njia ya chooni, na mwite seremala apigilie mti wa kushikilia ukutani mwa choo. Fedha hizo zitakuwa zimetumika vizuri zaidi.

Nani amwone daktari kwanza?

Mzee mwenye maumivu ya kifua, anayehema akiwa ameketi, aliyewahi kuzimia, aliyeanguka zaidi ya mara moja katika mwaka, au aliyevimba mguu mmoja ghafla, asianze bila kuchunguzwa. Upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla au mdomo ukipinda, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Wengine wanaweza kuanza polepole, lakini ni vyema kupima shinikizo la damu, sukari na macho. Mtoto wa jicho humfanya mzee aogope kutoka nje, na watu hudhani amekosa nguvu. Upasuaji wa macho hufanywa katika hospitali ya Tenwek, huko Bomet. Vilevile beba dawa zote anazokunywa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za usingizi huleta kizunguzungu mtu anaposimama. Usizikatishe, ila mwulize daktari. Kabla ya kutoka kitandani, mzee aketi ukingoni kwa dakika moja akichezesha nyayo.

Mzee anapohamia mjini

Watoto wengine huamua kumleta mama Nairobi ili wamtunze kwa karibu. Akifika, hukaa gorofa ya nne mbele ya runinga. Hana mboga za kuchuma, hana jirani anayemjua, na ngazi humtisha. Miezi mitatu baadaye, miguu iliyopanda milima ya Sotik kwa miaka 70 hutetemeka kwenye ngazi kumi.

Ikiwa ni lazima ahame, lengo lipangwe juma la kwanza. Ashuke ngazi mara moja kwa siku akiwa ameshikilia chuma, apumzike kila gorofa. Apewe kazi ya kweli, kama kwenda kununua mboga kwa mama muuzaji aliye langoni, au kumpokea mjukuu anaposhuka kwenye basi la shule. Na aulizwe kanisa au msikiti anaoutaka yeye.

Wajibu wa watoto

Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa Kenya ina watu wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinataja haki zao. Haki ya kwanza inayotajwa ni kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii. Kutunzwa na jamaa na serikali kumetajwa mwisho. Katika nyumba nyingi tumegeuza mpango huo: tumewatunza wazee hadi hawashiriki chochote.

Hatusemi mzee aachiwe kazi nzito. Kijana wa kukama na aendelee kukama ng'ombe watatu, lakini mmoja aachiwe mwenyewe ikiwa anamtaka. Msichana na alete mitungi ya maji, lakini birika la chai mama alijaze mwenyewe.

Na utakapopiga simu nyumbani jioni ya leo, usiishie kuuliza kama mama amekula na kama amemeza dawa. Muulize pia, "Mama, leo umefika wapi?" Akikujibu, andika. Juma lijalo muulize tena.